Vocha ya Pembejeo na Nusu Iliyoachwa kwa Mkulima

Vocha ya pembejeo iliyogawiwa kwa wakulima wa Tanzania kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 ilikuwa hati ya punguzo la bei. Kila hati ya namna hiyo huanguka katika aina moja kati ya nne. Ipo yenye thamani ya shilingi, ambayo hukata kiasi kilekile hata bei ikipanda. Ipo ya asilimia, ambayo punguzo lake hupanda pamoja na bei. Ya tatu hutaja kiasi atakachotoa mnunuzi, na kinachobaki hulipwa na aliyetoa hati. Ya nne hutoa bidhaa bure. Mwenye kushika hati kwa mara ya kwanza aulize kwanza jambo moja: bei ikipanda, nani anabeba ongezeko?

Mpango wa pembejeo ulitangazwa kama wa asilimia. Serikali ingelipa nusu ya bei na mkulima nusu. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu: moja ya mbolea ya kupandia, yaani DAP au ya Minjingu, moja ya urea ya kukuzia, na moja ya mbegu bora za mahindi au mpunga. Lakini vocha ilipochapishwa iliandikwa thamani ya shilingi, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Nusu ilipigiwa hesabu kabla ya msimu, kwa bei iliyokadiriwa, kisha ikagandishwa kwenye karatasi. Chochote kilichoongezeka baadaye kilimwangukia mkulima peke yake.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mfuko unakadiriwa shilingi 80,000, vocha inaandikwa 40,000. Mfuko huo ukipandishwa kutoka bondeni hadi Myamba, juu ya Milima ya Upare, nauli ya gari na faida ya wakala wa pembejeo zikaufikisha 90,000, mkulima anatoa 50,000. Iliyoitwa nusu imekuwa zaidi ya asilimia 55, na iliyomwongezea mzigo ni barabara ya mlima. Mkulima wa Ndungu, kwenye skimu ya mpunga tambarare, hana nauli hiyo ya kupanda mlima. Vocha yenye thamani ya shilingi humpunja zaidi anayeishi mbali zaidi, yaani yule hasa ambaye ruzuku ilitafutwa kwa ajili yake.

Tena nyongeza hiyo haikuwa ya mfuko mmoja. Vocha tatu ni nyongeza tatu, na mbili kati yake, za mbegu na mbolea ya kupandia, zinadaiwa siku za kupanda, wakati ghala la nyumbani limekwisha. Asiyekuwa na fedha taslimu alibaki na karatasi isiyonunua kitu. Wapo waliomwuzia wakala vocha yao kwa fedha kidogo baada ya kutia saini, naye akaipeleka benki ya NMB na kulipwa thamani yote kana kwamba mbolea imetoka dukani. Kumlaumu mkulima huyo ni kukosa haki. Masharti ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Sharti lenyewe liliandikwa waziwazi: mnufaika awe na shamba la mahindi au mpunga lisilozidi hekta moja, na awe tayari na mwenye uwezo wa kulipa sehemu yake. Kamati ya vocha ya kijiji ikakabidhiwa kazi ya kutafuta mtu mdogo mwenye fedha. Matokeo yalipimwa katika mkoa wa Kilimanjaro, iliko Myamba na Ndungu. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa takwimu za 2009, walikuta asilimia 60 ya vocha zimekwenda kwenye kaya zenye viongozi wa kijiji waliochaguliwa, na hali ikiwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vyenye tofauti kubwa ya kipato. Kwa mpango wa kuinua mkulima mdogo, hilo ni anguko.

Mfano bora ulikuwapo nchini. Hati Punguzo ya vyandarua, iliyoanza Oktoba 2004 kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki, nayo ilianza kwa thamani ya shilingi, 2,750. Mwaka 2009 ikageuzwa: mama akatoa shilingi 500, bei ya chandarua iwe iwavyo. Mwenye duka naye alibadilisha hati kwa vyandarua vipya, mzigo ukarudi rafuni. Vocha ya pembejeo ilikuwa bado changa, na misimu minne ya kujirekebisha ilikuwa mbele yake. Haikuiga.

Usambazaji kupitia mawakala binafsi ulikuwa uamuzi mzuri, na ukomo wa misimu mitatu kwa kaya ulieleweka. Kuchelewa kwa vocha ni habari nyingine, ya zamani na isiyosahaulika: vocha ya DAP ikifika mahindi yamekwisha kuota, muda wake haujapita kwenye karatasi ila umepita shambani.

Marekebisho yalikuja tarehe 8 Agosti 2022, Nane Nane, ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa kwa usajili wa wakulima kidijitali na bei elekezi: DAP na urea shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50, CAN 60,000, SA 50,000. Hiyo ilikuwa hati ya aina ya tatu. Mkulima aliyesajiliwa alijua atakachotoa kabla hajatoka nyumbani, na ongezeko la bei lililipwa na Hazina. Kilichobaki kwake kilikuwa umbali wa kumfikia wakala: bei elekezi ilimlinda alipofika dukani, lakini duka likiwa bondeni, nauli ya kuupandisha mfuko mlimani ilibaki yake.