Gari la Kiganjani

Gari la waya lina usukani mrefu kuliko gari lenyewe. Anayelitazama kwa mara ya kwanza, iwe Othaya, Karatina au pembezoni mwa Nanyuki katika eneo la Mlima Kenya, huona kwanza ufito au waya mnene unaopanda kutoka kwenye ekseli ya mbele, ukapita juu ya paa, ukafika kifuani mwa mtoto na kuishia kwa duara analolishika kwa mikono miwili. Chini ya duara hilo kuna mifupa mitupu ya gari: waya wa seng'enge au wa henga ya nguo uliopindwa kwa koleo ukafuata mistari ya bonneti, kioo cha mbele, paa na mlango wa nyuma, magurudumu ni soli ya ndara iliyochakaa, vizibo vya soda au vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu. Bodi hakuna, injini hakuna. Hata hivyo mpita njia hutambua papo hapo: hii Land Rover, hii Peugeot, hii Hiace ya abiria. Karibu kila kitu kimeondolewa na gari halikupotea. Aliyeliunda alijuaje kipi kiondoke na kipi kibaki? Hoja yangu ni kwamba kuunda na kupamba magari madogo, yawe ya waya, kadibodi, bati au plastiki, ni ufundi wa kupunguza, na kwamba kupunguza vizuri ni ujuzi usiopatikana kwa kutazama wala kwa kumiliki.

Kupunguza si kudogosha tu. Mtoto mdogo akichora gari hulifanya dogo, lakini magurudumu huwa makubwa kuliko milango na dereva hujaza dirisha zima, kwa kuwa kila kitu kimechorwa kwa kadiri kilivyomgusa. Fundi wa gari dogo amefunga mkataba mwingine. Akishakubali kwamba milimita moja yake ni milimita 24 za barabarani, amekubali hivyo kwa bampa, kwa kioo cha pembeni na kwa kitasa cha mlango, bila upendeleo. Toyota Hiace ya umbo la kawaida, mfano wa zile zinazobeba abiria 14 kati ya Nyeri na Nairobi, ina upana wa milimita 1,695. Kwa kipimo cha 1:24 inabaki na milimita 70 na ushei, inalala kiganjani. Mstari wa manjano ulioagizwa na kanuni za matatu za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ulitakiwa kuwa na upana wa milimita 150. Kiganjani unakuwa milimita sita na robo. Fundi akiuzidisha ukafika kumi, makanga yeyote wa steji ya Nyeri ataona kuna kasoro kabla hajajua iko wapi. Jicho lake limepita mbele ya mistari hiyo maelfu ya mara na limejiwekea sheria bila kumwarifu mwenyewe. Kazi ya fundi ni kuitoa sheria hiyo gizani na kuiandika kwa rula.

Ukaidi wa mambo huanza pale rula inapokoma. Chembe za kung'aa zilizomo katika rangi ya gari kubwa hazipungui gari linapopungua. Zikipulizwa kwenye kigari huonekana kama chenga za chupa. Unene wa rangi ambao gari halisi haliuhisi huziba mfereji wa mlango. Hata vumbi halikubali kupunguzwa kwa amri. Udongo mwekundu wa Nyeri ukinyunyizwa ulivyo kwenye gari la kiganjani hugeuka changarawe. Sharti usagwe, uchekechwe kwa kitambaa, kisha upakwe pale tu ambapo magurudumu yangeurusha. Hapo ndipo fundi hugundua jambo ambalo rula haikumwambia: kuna mahali ambapo ukweli sharti ubadilishwe ili uonekane kuwa kweli. Vivyo hivyo na mkao wa gari. Anayeunda pikapu ya miraa ya Maua ni lazima ajue inavyoinamia nyuma kwa mzigo, na anayeunda lori la majani chai la Othaya hana budi kukumbuka kwamba gari lenye mzigo halisimami kama gari tupu. Vipimo vyote vinaweza kuwa sahihi na kigari kikawa maiti, kwa sababu tu springi zake hazikuwahi kubeba kitu.

Tukirudi kwenye gari la waya tunaona uamuzi huo ukiwa uchi zaidi, maana halina bodi ya kuficha makosa. Katika gari halisi kila gurudumu la mbele hugeuka kwa pini yake, na la ndani ya kona hugeuka zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linazunguka duara dogo zaidi. Mpango huo ulisajiliwa London mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, ukiwa wa magari ya farasi. Gari la waya halina anasa hiyo. Ekseli yake yote huzunguka kwenye pini moja kama ya rukwama, na matokeo yake ni kwamba ukikata kona kwa ghafla gurudumu hugonga fremu au gari zima hupinduka. Mwenye nalo hutanua ekseli, husogeza magurudumu mbele kidogo, hupunguza urefu wa paa, kisha hujaribu tena. Jina la Ackermann hajalisikia, ila tatizo lake amelikuta njiani na kulijibu kwa kadiri ya waya aliokuwa nao.

Historia nayo imeupa mji wa Nyeri nafasi ya ajabu katika habari hii. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa Treetops, ile hoteli ya mtini katika msitu wa Aberdare, baba yake alipofariki Uingereza. Habari ilimfikia Sagana Lodge, Kiganjo. Kutawazwa kwake kuwa malkia mwaka uliofuata kulizaa mambo mawili yasiyojuana. Afrika Mashariki yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha sherehe hiyo, ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally, na katika enzi ya njia zake ndefu yaliwahi kuuzunguka Mlima Kenya. London, kampuni ndogo iliyoitwa Lesney ilitengeneza mfano mdogo wa gari la farasi la kutawazwa malkia, ikauza zaidi ya milioni moja. Mshirika wa kampuni hiyo, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shuleni kwao vitu vya kuchezea viliruhusiwa iwapo tu vinaenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara inayoingia humo, na mwaka huohuo wa 1953 yakazaliwa magari ya Matchbox. Katika kisa hiki kilichonigusa zaidi ni ile amri ya shule. Dunia nzima ilipata magari ya mfukoni kwa sababu mtu alipewa mpaka, naye badala ya kuulalamikia akauliza: ndani ya mpaka huu, mashine hii inaweza kupoteza nini na bado ikawa yenyewe? Ni swali lilelile la mtoto mwenye koleo Karatina.

Kuna atakayesema kwamba ninapamba umaskini. Mtoto wa mlimani huunda gari la waya kwa sababu mzazi hana pesa za kununua la dukani. Mpe la dukani uone kama atalishika tena koleo. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Ukosefu wa pesa unaeleza kwa nini ni waya na si plastiki. Hauelezi kwa nini kioo cha mbele cha Hiace kimelala kwa mwinuko ule hasa, wala kwa nini mtoto amefumua kazi ya mchana kutwa kwa sababu paa lilikuwa la Nissan na yeye alitaka la Toyota. Uhaba humpa mtu malighafi. Umbo hulitafuta mwenyewe. Nanyuki ilishuhudia jambo hilohilo kwa watu wazima. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita Waitaliano, walitoroka kambini wakaupanda Mlima Kenya kwa zana walizojiundia kutokana na nyundo na vyuma chakavu, na miongoni mwa ramani zao ilikuwamo picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Kilele cha Batian kiliwashinda, cha Lenana wawili wao walikifikia, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao. Hakuna anayesema walipanda mlima kwa sababu ya uhaba. Uhaba uliwapa nyundo. Kuiona nyundo kama shoka la barafu kulitoka kwao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuiga si kuumba. Kigari ni nakala ya kilichobuniwa Japani, na Waswahili walishaonya kwamba ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Lakini anayepasuka ni yule anayeiga tembo kwa kipimo cha tembo. Fundi wetu ameanza kwa kukiri udogo wake, akaukokotoa. Tena si kweli kwamba kinachoigwa ni cha wageni peke yao. Matatu kubwa ya abiria 33 mara nyingi huanza kama chesisi ya lori la Isuzu, na bodi yake hujengwa humuhumu nchini, na mafundi wenye mashine za kulehemu na jicho kali. Anayeunda mfano wake kwa kadibodi, akaweka rangi za chama cha matatu, taa za buluu na jina juu ya kioo, anasoma kazi ya jirani yake. Hata seti za plastiki zinazouzwa zikiwa tayari kuunganishwa hazimwondolei mtu kazi ya kuamua. Hasegawa ya Japani iliitoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa kipimo cha 1:24. Vipande ni vilevile kwa kila mnunuzi. Tope si lilelile. Aliyelijua tope la miteremko ya mlima wakati wa masika, jinsi linavyokauka likawa jepesi pembeni na kubaki jeusi penye unyevu, atamaliza gari ambalo aliyeliona kwenye picha peke yake hataliweza.

Pingamizi la tatu ninalikubali kwa sehemu kubwa. Kigari hakithibitishi uimara. Galileo alieleza mwaka 1638 kwamba kitu kikikuzwa, uzito wake hukua upesi kuliko nguvu zake: fanya gari kubwa mara kumi, uzito unakuwa mara elfu moja ilhali eneo la mkato wa vyuma vinavyoubeba limekuwa mara mia moja tu. Kwa hiyo waya unaostahimili kuruka mtaro kiganjani haukuahidi chochote barabarani. Wala ufundi huu haujengi kiwanda. Gari la Nyayo Pioneer, ambalo Rais Moi aliliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, lilifikia magari matano ya majaribio na kuonyeshwa hadharani mwaka 1990, kisha likaishia hapo. Kati ya gari la mfano na gari la sokoni kuna fedha, wauzaji wa vipuri na miaka ya subira ambayo koleo haliileti. Basi tusimpambe mtoto wa gari la waya kwa jina la mhandisi wa kesho. Wengi wao hawatakuwa, na ufundi wao hauhitaji udhuru huo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliwahi kutahini Sanaa na Ufundi, baadaye somo hilo likaondolewa kwenye mtihani. Mtaala ulioufuata umerudisha kazi za mikono, na wazazi wakajikuta wakizifanya wao usiku ili watoto wapate alama. Miaka yote hiyo gari la waya liliendelea kuundwa bila kuagizwa na mwalimu, bila alama, na bila mzazi kulishika. Faida yake ilikuwa imeshalipwa kazi ilipokamilika: mtu mmoja zaidi alikuwa amejifunza kutofautisha kilicho cha lazima na kilicho cha ziada, na kujifunza huko kulimgharimu kufumua na kupinda upya.

Kwa sababu hiyo narudi kwenye usukani ule mrefu. Kwa kipimo cha fundi wa 1:24 ni kosa kubwa. Duara lake lingemtosha dereva mrefu kuliko mnazi. Hata hivyo hakuna mtoto anayelipunguza, naye ana haki. Bonneti imepunguzwa, magurudumu yamepunguzwa, barabara ya kwenda Nairobi imepunguzwa ikawa njia ya kati ya zizi na kisima. Kimoja tu kimebaki na ukubwa wake wa kweli: mahali ambapo mkono unashika.