Ufa Ulioachwa kwa Makusudi

Wengi wanaofika Marsaxlokk hufuata macho. Kijiji hiki cha wavuvi kiko kusini-mashariki mwa Malta, na ghuba yake imejaa luzzu, mashua za mbao zilizochongoka omo na tezi, zenye mistari ya manjano, nyekundu, kijani na samawati. Kila moja ina macho mawili kwenye gubeti. Husimuliwa kuwa ni urithi wa Wafoinike, mabaharia wa kale waliotia nanga visiwani humu karne nyingi kabla ya Kristo, na kwamba macho hayo humkinga mvuvi na shari. Wageni hupiga picha, hula samaki, kisha hupanda basi kurudi Valletta.

Nami nilikuwa na siku tatu tu kisiwani, na nilikusudia kufanya vivyo hivyo. Kilichonizuia ni mlio wa nyundo ya mbao. Kando ya maji palikuwa na luzzu iliyopandishwa nchi kavu, na chini ya ubavu wake mzee mmoja amekaa juu ya kreti, anaziba kwa pamba mianya iliyo kati ya mbao. Kwa Kimalta mwenye kazi hii huitwa kalafat. Msikilizaji wa Lamu au Unguja hahitaji mkalimani: kalafati ni kalafati. Kimalta ni lugha iliyotokana na Kiarabu, ndiyo maana bahari kwao ni baħar, na baharia ni baħri. Nikaketi kutazama.

Kwanza huondoa pamba kuukuu. Huivuta kwa kulabu, polepole, akikwepa kuchubua ukingo wa ubao. Kisha husokota nyuzi mpya na kuzilaza kwenye mwanya, akizikunja vikunjo vidogo vidogo, na kuzisukuma ndani kwa chuma butu chenye umbo la patasi. Hapigi kwa nguvu. Hupiga, husikiliza, husogea upana wa kidole. Mwanzoni mlio huwa mzito na wa uvungu. Pamba ikishakaa, hugeuka mkavu na mkali. Hapo ndipo anapojua kuwa sehemu ile imetosha. Saa nzima ilipita na alikuwa hajamaliza urefu wa mkono wangu.

Sisi tumelelewa na methali ya ufa usiozibwa na ukuta utakaojengwa. Lakini ufa huu si kosa la mtu. Seremala aliyeunda chombo aliuacha kwa makusudi: mbao za ubavuni hukutana barabara upande wa ndani, kwenye mataruma, na upande wa nje hufunguka kidogo ili pamba ipate pa kukaa. Mbao zikilowa hufura. Pasipo na nafasi, mbao zitasukumana mpaka misumari ilegee. Pamba ikiwa chache, maji yataingia. Ikishindiliwa kupita kiasi, chombo kitajipasua chenyewe. Ustadi wote wa mzee yule ulikuwa kati ya mambo hayo mawili, naye aliupima kwa sikio.

Juu ya pamba hupakwa chaki iliyokandwa kwa mafuta ya kitani, kisha rangi. Rangi nazo zina lugha yake. Ukanda ulio juu ya omo huitwa mustaċċ, yaani masharubu, na kwa desturi rangi yake ilitambulisha chombo ni cha bandari gani. Familia ikifiwa, ukanda ulipakwa rangi nyeusi. Macho hupakwa upya pia. Mashua ya namna hii, yenye jicho lake, ilikaa hata kwenye nembo ya taifa la Malta kuanzia 1975 hadi 1988. Lamu nako vyombo vya zamani vilitiwa macho, kwa hiyo sikushangaa sana.

Leo boti za faiba ni nyingi, na sababu zinaeleweka. Malta haina misitu; mbao hutoka ng'ambo. Faiba haihitaji pamba wala sikio. Luzzu, kwa upande wake, hudai kupandishwa, kukwanguliwa, kuzibwa na kupakwa tena na tena maisha yake yote. Haina siku ambayo itaambiwa imekwisha kuundwa.

Siku yangu ya mwisho waliirudisha majini luzzu ya mzee yule. Nilichungulia ndani nikaona ngama inajaa taratibu, nikamwonyesha mzee kwa kidole, nikidhani kazi ya siku zote zile imeharibika. Hakuinuka. Aliniashiria ningoje. Mbao zilizokauka juani zilikuwa zinakunywa maji, zikifura na kuibana pamba. Alasiri, nilipopita nikiwa na begi begani, maji yaliyokuwamo yalikuwa yamekumbwa kwa kopo, na mengine hayakuwa yameingia.