Wastani wa Kalmár unaficha 48

Chukua 12. Unaweza kuipata kwa njia ngapi ukizidisha namba nzima kubwa kuliko 1, ukihesabu 2×6 na 6×2 kuwa njia mbili? Hesabu nami: 12 yenyewe, 2×6, 6×2, 3×4, 4×3, kisha 2×2×3, 2×3×2 na 3×2×2. Njia nane. Mkato upo: jumlisha hesabu za vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, huku 1 ikipewa 1. Kwa 12 ni 1+1+1+2+3, nane tena.

Mwaka 1931 László Kalmár wa Hungaria alitoa jibu la jumla. Jumlisha njia za namba zote hadi x, utapata takriban 0.318 mara x kwa kipeo 1.7286. Kipeo hicho hakikuokotwa: ukikiweka mahali pa s, mfululizo 1 + 1/2ˢ + 1/3ˢ + … unafikia 2 kamili. Kazi safi, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoifundisha, kana kwamba ukishajua wastani umeshazijua namba. Nilikaa na kalamu nikajumlisha kuanzia 1 hadi 48. Nilipata 281, fomyula inatoa kama 256, si mbaya hata kidogo. Wastani basi ni karibu 5.9. Lakini namba 34 kati ya hizo 48 ziko chini ya wastani! Namba tasa zote zina njia moja tu. Halafu 48 peke yake ina njia 48, zaidi ya moja ya sita ya jumla yote. Jirani yake 47? Moja.

Usidhani ni utoto wa namba ndogo utakaoisha mbele. Mwaka 1936 Einar Hille alionyesha kuwa zipo namba n zisizo na mwisho ambazo njia zake zinazidi n kwa kipeo chochote kilicho chini ya 1.7286. Yaani namba moja inakaribia kipeo cha jumla nzima! Hapo ndipo ningependa somo lianzie, ila vitini vingi nilivyosoma vinamweka Hille kwenye tanbihi.

Baada ya 48, namba inayofuata yenye njia sawasawa na ukubwa wake ni 1280. Ina vigawo 17 vya kujumlisha. Kalamu unayo.