Temari Isomwe Kuanzia Kwenye Mistari

Wanaoandika kuhusu temari, ile mipira ya nyuzi ya Japani, wengi huanzia kwenye rangi. Maua, nyota, picha nzuri, basi. Mimi naona wanaanzia mwisho. Kabla ua la kwanza halijadariziwa, mpira unagawanywa kwa mistari ya uzi, kazi ambayo Wajapani huiita jiwari, na hapo ndipo pa kumpimia fundi.

Mpira wenyewe ni kitu cha kawaida: pumba za mpunga au vitambaa chakavu, vikazungushiwa uzi mpaka vikawa duara. Hauna juu wala chini. Fundi anachomeka pini popote, na hapo pameshakuwa kaskazini. Anazungusha ukanda wa karatasi kutoka kwenye pini mpaka urudi pale pale, anaukata. Huo ndio mzingo. Akiukunja katikati anapata kusini, akiukunja tena anapata ikweta. Ikweta nayo inagawanywa mara 4, 8 au 10, kisha uzi unapita kutoka ncha hadi ncha. Mpaka hapo hakuna rula wala bikari.

Kigumu ni ule mgawanyo unaotaka vituo 12 vilivyoachana sawasawa, kila kimoja kikitoa mistari 10. Ukikamilika, mpira una pembetatu 120 za kipimo kimoja. Sasa, kutoka kituo hadi jirani yake ni umbali gani? Kanuni ya mafundi inasema: gawa mzingo kwa 6, halafu ongeza mzingo huo huo uliogawanywa kwa 100. Mpira wenye mzingo wa sentimita 30 unakupa 5.3. Nilichukua kikokotoo nikafanya hesabu ya kitabuni, nikapata 5.29 hivi. Tofauti haifiki hata robo ya milimita! Uzi wenyewe unaimeza.

Ndiyo maana inanikera ile sifa kwamba bibi wa kijijini kashona maumbo ya Plato bila kujua. Bila kujua vipi, jamani? Mtu anayejua kwamba sehemu ya sita haitoshi, na anajua imepungua kiasi gani, huyo anajua. Kwenye karatasi pembetatu ina nyuzi 180. Kila moja ya zile 120 ina pembe za nyuzi 36, 60 na 90, jumla 186. (Kiswahili kinatumia neno moja kwa vipimo vya pembe na kwa vitu vya kushonea, na hapa linafaa kweli.) Zile 6 za ziada fundi haziandiki popote, ila asipozipa nafasi mistari yake itagoma kukutana.

Kwa sisi watu wa fasihi kuna mlango mwingine. Ryōkan (1758–1831), mtawa wa Zen na mshairi, alijulikana kwa kucheza temari na watoto. Mtawa Teishin alipomtumia shairi la kwanza, alianzia kwenye mpira huo, naye Ryōkan akamjibu kwa shairi linalohesabu moja mpaka kumi na kuanza upya. Ni rahisi kulisoma kama fumbo la dini tu. Lakini lina mwili pia: mkono unaodunda mpira, watoto wanaoimba namba. Sisemi Ryōkan aliwaza jiwari. Nasema tukilisoma huku tumeshika mpira, ile hesabu inayorudi mwanzoni haiwi tena wazo la hewani, kama ule ukanda wa karatasi uliorudi kwenye pini.

Kwa hiyo nikiwekewa temari mbili, nitachukua ile ambayo uzi wa jiwari umeachwa ung'ae kati ya maua, hata kama mshono wake si laini sana. Iliyofunikwa yote naigeuzageuza nikitafuta pini ya kwanza ilichomekwa wapi.