Mkono Unaotikiswa
Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, hupitisha mianga miwili: mwekundu wa nanomita 660 hivi na wa infraredi wa karibu 940. Kisha hutazama jinsi kila mmoja unavyobadilika moyo unapopiga. Mjapani Takuo Aoyagi alipoitoa mbinu hiyo hadharani mwaka 1974, ilitegemea jambo moja: kinachocheza kidoleni kiwe damu ya ateri peke yake.

Nani alimwambia mgonjwa atulie? Kichanga hurusha mikono, mwenye homa hutetemeka, na damu ya vena nayo husukwasukwa. Mianga yote miwili ikiyumba kwa kiasi kilekile, uwiano wake huwa 1, na kifaa husoma asilimia 85 hivi. Namba hiyo ina hila mbili. Mwenye 98 atapigiwa kengele ya bure na muuguzi atakuja mbio. Aliyeshuka hadi 70 ataonekana ana nafuu. Hila ya pili ndiyo inayoua.

Kwa hiyo nawavulia kofia wanaokijaribu kifaa hiki, kwa kuwa hawaridhiki na mtu mwenye siha anayepunga mkono. Waliojitolea huvuta hewa iliyopunguzwa oksijeni, daktari akiwa kando, wakashushwa ngazi kwa ngazi hadi karibu 70. Mkono mmoja hutikiswa na mashine, mwingine hutulizwa uwe shahidi. Damu ya ateri hutolewa ikapimwe maabara.

Ufundi wenyewe, kwangu mimi, uko katika kutikisa. Ukiwa mpole mno, kila kifaa kitafaulu. Ukitikisa kwa mwendo usiobadilika, programu itauzoea na kuuchuja, na wodini hakuna anayetetemeka kwa kufuata saa. Basi hubuniwa mitikiso isiyotabirika: kugonga, kusugua, kunyamaza, kuanza tena. Wajanja zaidi hukichomoa kifaa na kukirudisha mkono ukiwa bado unatikisika, kisipate kumbukumbu ya utulivu ya kuegemea.

Kwenye hesabu, kila kosa huzidishwa kwa lenyewe kabla ya kutafutwa wastani na kipeuo chake cha pili, ili lililozidi lisifutwe na lililopungua. Lakini hata hesabu hiyo inadanganyika: kifaa kinachoganda kwenye namba ya zamani, au kinachoonyesha vistari kila mkono unapotikisika, hakina makosa mengi ya kuhesabiwa. Mjaribu makini huandika pia kilikaa kimya kwa muda gani.