Ufundi wa Kuanguka

Mabishano ya mieleka katika vibanda umiza vya Sumbawanga, vile vya kuonyeshea video, hayaishi. Mmoja akiruka kwa shangwe, wa pembeni yake atamwambia, "Kaa chini, yale maigizo, wameshapangana." Naye hasemi uongo. Katika mieleka ya kulipwa mshindi huwa ameshajulikana kabla kengele haijalia. Hata hivyo mimi nipo upande wa anayeshangilia. Matokeo hupangwa, lakini kishindo cha mtu wa kilo mia na ushei hakina mpango. Ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, sponji nyembamba na turubai lililokazwa. Hapo ndipo mtu huanguka usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi, na kesho yake anatakiwa aamke aende mji mwingine.

Mwanafunzi wa mieleka haanzi kwa kupiga watu mwereka. Anaanza kwa kuanguka yeye. Kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Pumzi hutolewa. Mgongo wa juu hutua wote kwa mara moja, na mikono iliyotandazwa hupiga turubai papo hapo, uzito usambae usikae mahali pamoja. Akikosea kidogo, shingo ndiyo inayolipa. Baada ya hapo ndipo anafundishwa kuinuliwa: anayeinuliwa hujirusha kidogo na kuegemeza mkono kwenye paja la mwenzake, na anayeinua huilinda shingo ya aliyeinuliwa hadi wafike chini. Mtazamaji huona mahasimu. Mimi huitazama mikono, na mikono ile inatunzana.

Mfano ninaourudia ni James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 Mississippi, Marekani, akaendesha malori, kisha akaingia ulingoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982, huko Memphis, mwanamieleka Jerry Lawler na mwandaaji wa mapambano Jerry Jarrett walimpaka rangi usoni na tumboni, wakamvika kinyago, wakampa mkuki, wakamwacha pekupeku na kumwita Kamala, Jitu la Uganda. Watazamaji waliambiwa kwamba ni mla watu aliyewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Sisi Watanzania jina la Amin hatukulisikia kwenye hadithi. Tuliingia vitani naye 1978, na wapo waliokwenda Kagera wasirudi. Kulifanya jina hilo kiburudisho, na kuifanya Afrika nzima kuwa pori la wala watu, kulikuwa ni tusi, na haifai kulipaka sukari.

Ila ndani ya sura ile ya kupewa alikuwamo fundi. Kamala hakuruhusiwa kusema, kwa hiyo Harris alisema kwa mwili. Alijipiga tumbo kwa viganja, akatoa macho, akambana mpinzani chini kifudifudi badala ya chali, kama asiyejua sheria, na uwanja mzima ukaelewa. Alipambana na Andre the Giant, na Hulk Hogan, na mwaka 1992 na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London. Alikuwa na kilo zipatazo 170. Mtu mzito hivyo anapomrukia mwenzake aliyelala, magoti na viganja vyake hugusa chini kwanza na kubeba uzito, tumbo likafuata. Ndiyo maana aliyerukiwa huinuka.

Maisha hayakumlipa sawasawa. Mwenyewe alisema waziwazi kwamba ujira wake ulikuwa mdogo kando ya wenzake. Alirudi kwenye malori, kisukari kikamkata miguu yote miwili, na Agosti 2020 akafariki baada ya kuugua Uviko-19. Sura ya Kamala ilitungwa na watu wengine. Ufundi ulikuwa wake, nao hakupewa na mtu.

Sasa Uganda ina wanamieleka wake wa kweli. Huko Mukono, tangu 2023, Daniel Bumba anaendesha Soft Ground Wrestling. Ulingo wa kisasa ni ghali, kwa hiyo vijana, wa kike kwa wa kiume, walisimamisha nguzo za miti, wakazungushia kamba na kuanguka kwenye tope. Wanaojua mieleka duniani wamewatazama na kuwaheshimu.

Huku kwetu Ufipa, mahindi yakishavunwa na baridi ya Juni ikiingia, watoto wa kiume hushikana mashambani na kuiga walichokiona kibandani. Huiga kuinua na kutupa, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Kidevu kilichobanwa hawakioni, wala mkono ulioizuia shingo. Mashina ya mahindi na ardhi kavu havimhurumii mtu. Lakini masika ikinyesha udongo wetu ni laini, mikaratusi ya nguzo tunayo, na Uwanja wa Nelson Mandela tunao. Tunachokosa ni mwalimu. Siku atakapopatikana, naomba asiwaruhusu kuinuana mapema. Awaangushe kwanza, mmoja mmoja, kwenye udongo uliolainishwa, hadi kuanguka kuwe tabia ya mwili. Na ambaye hajajifunza kulinda shingo ya mtoto wa mwenzake, asikabidhiwe mtoto wa mwenzake.