Akili, Maarifa na Upweke: Kazimoto wa Kichwamaji Asomwa Upya

Utangulizi

Waswahili husema akili nyingi huondoa maarifa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mjanja aliyenaswa katika mtego wake mwenyewe, lakini ndani yake mna dai zito zaidi: kwamba akili na maarifa ni vitu viwili, na kwamba wingi wa kile cha kwanza waweza kukipunguza cha pili. Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, dai hili limejadiliwa kwa sura mbalimbali tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichwamaji mwaka 1974. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anayefikiri kuliko wenzake huipata furaha wasiyoijua, au fikra humtenga nao?

Jibu lililozoeleka ni kwamba fikra humtenga. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayeishia kujiua, hutolewa kuwa ushahidi kwamba akili iliyopevuka haina pa kukaa duniani. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Hoja yake ni kwamba upweke wa Kazimoto hautokani na wingi wa akili yake bali na mwelekeo wake. Akili hiyo ni hodari wa kuwahukumu watu na ulimwengu, lakini huchelewa mno kuyageukia matendo ya mwenyewe. Tofauti hii si ndogo. Ikiwa akili yenyewe ndiyo chanzo, basi kifo cha Kazimoto ni gharama isiyoepukika, na mwanafunzi anayesomeshwa riwaya hii anafundishwa kuiogopa fikra. Ikiwa chanzo ni kingine, kifo hicho hakina budi kuulizwa maswali.

Msomi na Usomaji wa Kidhanaishi

Ni haki kukiri kwamba usomaji uliozoeleka una misingi yake. Kazimoto anaporejea kijijini, watu wake wanamwona amekuwa mgeni, naye anawatazama kwa macho ya mgeni. Elimu imemwondolea utulivu wa imani, ya jadi na ya kanisa, wala haikumpa kingine cha kushika mahali pake. Maswali yake kuhusu maana ya maisha hayapati mtu wa kuyajibu. Ndiyo maana wahakiki wamemweka katika ukoo mmoja na wahusika wa Albert Camus na Jean-Paul Sartre, na riwaya yenyewe ikaitwa ya kidhanaishi.

Ukoo huo, hata hivyo, una mipaka. Katika Le Mythe de Sisyphe, insha iliyotoka mwaka 1942, Camus analianza suala la kujiua ili alikatae. Kwake yeye, mtu aliyetanabahi kwamba ulimwengu haumjibu anatakiwa kuishi na utambuzi huo, si kuukimbia. Kazimoto anaishia pale hasa ambapo Camus anakataa kuishia. Kwa hiyo kifo chake hakiwezi kuelezwa kwa kutaja udhanaishi tu, kana kwamba falsafa hiyo ndiyo iliyomwamuru.

Fauka ya hayo, kuna suala la usimulizi. Kichwamaji husimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Mengi tunayoyajua kuhusu sababu za mateso ya Kazimoto ni yale anayotueleza yeye mwenyewe, na anayeteseka si lazima awe mjuzi wa chanzo cha mateso yake. Mhakiki anayeichukua falsafa ya Kazimoto kuwa ndiyo falsafa ya riwaya amemweka mshtakiwa katika kiti cha hakimu.

Manase, Rukia na Kichwa cha Mtoto

Msuko wa riwaya unasema jambo jingine. Kazimoto hayuko peke yake katika elimu. Manase, rafiki yake wa utotoni, naye amesoma, na sasa ni mkuu wa wilaya. Manase hasumbuliwi na maswali ya kuwako. Ana cheo na ofisi ambayo Kazimoto anasubiri mlangoni pake. Lau kutofikiri kungeleta furaha, basi Manase ndiye angekuwa nayo. Haikuwa hivyo. Maangamizi yanayomfika Kazimoto yanamfika yeye kwanza. Kwa kuwaweka wasomi hawa wawili bega kwa bega, mmoja mwenye fikra nyingi na mwingine asiyejishughulisha nazo, kisha kuwapa janga moja, Kezilahabi ameondoa uwezekano wa kuilaumu akili peke yake.

Janga lenyewe lina mzizi unaotajika. Manase alimpa mimba Rukia, dada wa Kazimoto, na mwisho wake ukawa kifo cha msichana huyo; mama yao naye akafa. Kazimoto anaiona dhuluma hii waziwazi, na hasira yake ni ya haki. Lakini akili iliyomwezesha kuiona inamshauri nini? Inamshauri kisasi, na chombo cha kisasi ni Sabina, dada wa Manase. Kwamba baadaye anampenda na kumwoa hakufuti ukweli kuwa alimkaribia kwanza kama deni la kulipwa. Hapo Kazimoto anafikiri kama Manase: mwili wa mwanamke ni uwanja ambamo wanaume hupimana nguvu. Maswali yake kuhusu Mungu na kifo hayakuligusa jambo hili.

Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na riwaya inaihusisha dosari hiyo na ugonjwa wa zinaa. Mimba ya Sabina nayo inaishia kwenye kichwa kama hicho. Usahihi wa maelezo hayo kitabibu si hoja hapa. Hoja ni mpangilio wa sababu na matokeo ambao mwandishi ameuchagua. Angeweza kumwua Kazimoto kwa fikra tupu, lakini hakufanya hivyo. Alimpa tendo alilolitenda, akampa mtu mwingine wa kulilipia.

Anwani ya riwaya inapata uzito wake hapa. Katika Kiswahili cha mitaani, kichwa maji ni mtu asiye na akili timamu. Katika msuko, ni kichwa cha mtoto kilichofura. Maana hizi mbili zinakutana katika taswira moja: ukubwa wa kichwa si dalili ya kilichomo. Kilichojaa si ubongo. Hili ndilo fumbo ambalo usomaji uliozoeleka hulipita haraka, kwani linamwelekea msomi mwenyewe. Kezilahabi hasemi kwamba Kazimoto ana akili kupita kiasi. Anauliza kama kile ambacho Kazimoto anakiita akili kinastahili jina hilo.

Karama Kizimbani

Mfano wa kulinganisha unapatikana katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Kwa hali ya nje, upweke wake ni mkubwa kuliko wa Kazimoto, kwani baraza zima limekaa kumhukumu. Hata hivyo, utetezi wake haumhusu yeye peke yake. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi na kutiwa kifungoni. Akili ya Karama ina waliotangulia na ina wa kutetewa, na anaposhinda kesi wao pia wanafunguliwa. Mateso hayakosekani, lakini mateso na upweke si kitu kimoja.

Yawezekana kupinga kwamba ulinganisho huu haumtendei haki Kezilahabi. Kusadikika ni istiara ya zama za ukoloni, ambamo adui alijulikana na wema ungeweza kupewa majina ya wema. Kichwamaji iliandikwa baada ya uhuru na baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati ambapo msomi alitarajiwa kuikomboa jamii na papo hapo kutiliwa shaka kwamba ataikalia. Pingamizi hili lina nguvu. Kazimoto hakuwa na baraza la kuhutubia, na mdhalimu wake alikuwa rafiki yake. Lakini Kezilahabi aliijua vyema njia ya mtangulizi wake. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Kumnyima Kazimoto utetezi wa Karama ni uamuzi wa mtu aliyejua anachokiacha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mwishoni Kazimoto anajitambua, na kwamba kujiua kwake ni tunda la akili iliyojigeukia hatimaye. Ni kweli anatambua. Ila utambuzi huo unamjia kama hukumu ya kutekelezwa, si kama ujuzi wa kumshirikisha mtu. Sabina, aliyebeba mimba hiyo na kuipoteza, anabakia na msiba mara mbili. Msomaji aliyeambatana na Kazimoto tangu ukurasa wa kwanza hana budi kuuliza ni nani hasa aliyeachwa mpweke katika riwaya hii.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba akili huleta furaha. Kichwamaji haitoi ahadi hiyo, na katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mtafutaji wa Kezilahabi bado yumo njiani peke yake. Lililodaiwa ni kwamba upweke wa Kazimoto una historia: una Rukia, una kisasi, una Sabina. Kuuita upweke huo kuwa bei ya akili ni kuwafuta wanawake hao katika hesabu. Uhakiki ujao ungefaa kuanzia kwa Sabina, kwa kuuliza riwaya hii ingekuwaje kama yeye ndiye angepewa nafsi ya kwanza.